Subiaco: Pango, Ngome na Mashine ya Kuchapa

Mwaka 1051 Papa Leo IX alipanda bonde la mto Aniene hadi Subiaco, akawaita watu wa huko mbele yake katika monasteri, akataka waonyeshe hati za mali zao. Hati zikaletwa. Papa alipozikagua alikuta nyingi ni za kughushi, akaamuru zichomwe moto palepale mbele ya macho yake. Kisha akaweka abati mpya, aliyeitwa Umberto, aitengeneze nyumba iliyokuwa imekwenda kombo.

Tukio hilo linashangaza mtu akikumbuka nyumba yenyewe ilivyoanza. Miaka 550 hivi kabla ya moto ule, kijana mmoja alijificha katika pango la mlima uleule, hana shamba, hana sanduku, hana hata mahali pa kupikia. Warithi wake ndio waliofikia kuwa na ardhi nyingi kiasi cha kumfanya mtu aone faida ya kughushi hati. Kati ya pango lile na hati zile kuna maisha ya taasisi iliyotamaniwa na mapapa, makadinali na karibu kila ukoo mkubwa wa Roma. Imewaona wote wakija na kuondoka, nayo ingalipo.

Subiaco ni mji mdogo wa mkoa wa Lazio, kilomita 70 hivi mashariki ya Roma, chini ya milima ya Simbruini. Wakazi wake hawafiki elfu kumi. Nyumba za zamani zimebanana kwenye kilima, na juu ya kilima hicho imesimama ngome. Ukiufuata mto kwa kupanda unaikuta monasteri ya Mtakatifu Skolastika, yenye mnara wa kengele wa mawe. Ukizidi kupanda unakuta nyingine, ya Mtakatifu Benedikto, ambayo wenyeji huiita Sacro Speco, yaani Pango Takatifu. Hiyo ya pili imejengwa juu ya ufa wa jabali, na ukiitazama kutoka bondeni huoni vizuri mwamba unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi.

Bwana wa kwanza kupapenda mahali hapo hakuwa Mkristo. Kaisari Nero aliyazuia maji ya Aniene kwa mabwawa, akapata maziwa ya kutengenezwa, na kando yake akajijengea kasri la kupumzikia. Bwawa kubwa kuliko yote lilikuwa na kimo cha takriban mita 40. Hakuna bwawa jingine la Kirumi linalojulikana lililofikia urefu huo. Mwanahistoria Tacitus ameandika kwamba mwaka 60 radi ilipiga meza ambayo Nero alikuwa akilia chakula huko, na watu wakaichukua kuwa ishara mbaya. Baadaye Kaisari Trajan aliyatumia maziwa hayo kusafisha maji ya mfereji uliokwenda Roma. Bwawa lilisimama zaidi ya karne kumi na mbili, likaja kubomoka mwaka 1305. Masimulizi yanawataja wamonaki wawili waliong'oa mawe ili kuyapunguza maji yaliyokuwa yakifurika mashamba, na mto ukamaliza kazi waliyoianza.

Kwa hiyo Benedikto alipofika, mnamo mwaka 500, alikuta magofu ya anasa kando ya maji yaliyotulia. Alikuwa mzaliwa wa Norcia, mtoto wa familia yenye uwezo, aliyepelekwa Roma kusoma kisha akayaacha masomo kwa kuchukizwa na maisha aliyoyaona kwa wenzake. Karibu yote tunayoyajua juu yake yanatoka katika kitabu cha pili cha Majadiliano ya Papa Gregori Mkuu, kilichoandikwa mnamo mwaka 593, miaka arobaini hadi hamsini baada ya Benedikto kufa. Gregori aliandika ili kujenga imani ya wasomaji, na miujiza ameimimina bila kubania; lakini ndani ya simulizi lake kuna mambo madogomadogo ya maisha ambayo yana harufu ya ukweli.

Mojawapo ni ile kamba. Mmonaki aitwaye Romano, wa monasteri iliyokuwa juu ya jabali, alikuwa akijinyima sehemu ya mkate wake na kumteremshia kijana pangoni kwa kamba ndefu yenye kengele, ili asikie chakula kinapofika. Hali hiyo iliendelea kwa miaka mitatu. Siku moja padre mmoja alimletea Benedikto chakula cha sikukuu, akamwambia ale kwa kuwa ni Pasaka. Benedikto alikuwa hajui kabisa. Kwa kukaa peke yake alikuwa amepotelewa na hesabu ya siku. Wachungaji nao walimwona vichakani amevaa ngozi, wakadhani ni mnyama.

Sifa zake zilipoenea, wamonaki wa mahali pa jirani walimwomba awe abati wao. Akawakubalia, akawabana, wakatia sumu katika divai yake. Gregori anasema Benedikto aliibariki chupa kwa ishara ya msalaba ikapasuka, naye akawaaga kwa upole na kurudi pangoni. Baada ya hapo ndipo alipounda bondeni monasteri kumi na mbili, kila moja ikiwa na wamonaki kumi na wawili na mkubwa wao.

Hapo hapo, katika hatua ya kwanza kabisa, ukoo wa wakubwa ulikuwa umeshaingia. Gregori anaeleza kwamba watu wa tabaka la juu la Roma walianza kumletea Benedikto watoto wao awalee. Ekwitio alimleta Mauro. Tertulo, ambaye alikuwa mmoja wa wale walioitwa mapatrisi, alimleta mwanawe Plasido akiwa bado mdogo. Ni huyo Plasido aliyekwenda ziwani kuteka maji, ndoo ikamvuta, akazama. Na Mauro akakimbia juu ya maji akamkamata kwa nywele. Ziwa lenyewe ni lile la Nero. Urafiki wa nyumba hii na watu wa nasaba, kwa hiyo, haukuanza na tamaa ya mali. Ulianza na wazazi waliotaka malezi mema kwa watoto wao, na jambo hilo lisisahauliwe tunapofika kwenye karne za baadaye.

Wivu ndio uliomwondoa Benedikto Subiaco. Padre wa kanisa la jirani, Florensio, alimpelekea mkate wenye sumu, na kunguru aliyezoea kulishwa na Benedikto akauchukua akaenda kuutupa mbali. Jaribio hilo liliposhindwa akatuma wasichana saba wacheze uchi katika bustani ya monasteri mbele ya wamonaki vijana. Benedikto aliona kuwa adui anamtafuta yeye, akahama na wachache kwenda Monte Cassino mnamo mwaka 529. Wakiwa njiani Mauro alimpelekea habari ya furaha: roshani aliyokuwa amesimama Florensio imeanguka, naye amekufa. Benedikto akamlilia marehemu, na Mauro akapewa adhabu kwa kuifurahia habari ile.

Kanuni yake ya maisha ya wamonaki, yenye sura 73, aliiandika huko Monte Cassino, ila miaka thelathini hivi ya Subiaco ndiyo iliyomfundisha. Aliyewahi kutiwa sumu na watu waliomwomba awaongoze alijua kwa nini aandike kwamba abati achaguliwe na ndugu wenyewe. Sura hiyo, ya 64, ndiyo ambayo Subiaco ingekuja kunyimwa kwa muda mrefu kuliko zote.

Kati ya monasteri zile kumi na mbili ilibaki moja. Leo inaitwa kwa jina la Skolastika, dada yake Benedikto. Katika karne ya tisa Wasarasini waliipora, ikajengwa tena. Mapapa na wakuu waliipa ardhi. Na kadiri ardhi ilivyoongezeka ndivyo abati alivyozidi kufanana na kabaila. Abati Giovanni V, aliyeongoza kuanzia karne ya kumi na moja hadi mwaka 1121, zaidi ya miaka hamsini, ndiye aliyejenga Rocca, ngome ile ya juu ya mji. Abati sasa alikuwa na vijiji, mahakama, askari, na jirani wa kugombana naye: askofu wa Tivoli, ambaye mipaka yake iligusana na ya abasia kila mahali. Ugomvi huo ulirithiwa na watu wa miji yenyewe. Wenyeji wa Subiaco wanasimulia hadi leo kwamba daraja lao la mawe la Mtakatifu Fransisko, lenye tao moja na mnara, la mwaka 1358, lilijengwa kwa fedha za kuwakomboa watu wa Tivoli waliotekwa vitani.

Katika miaka ya abati Giovanni, mwanamke mmoja aitwaye Kelidonia alikuwa akiishi peke yake katika pango la mlimani juu ya Subiaco. Alikaa huko miongo kadhaa, kwenye baridi na njaa, akafa mwaka 1152. Mji ukamfanya mtakatifu msimamizi wake, na mwili wake umelazwa katika monasteri ya Skolastika. Abati aliyejenga Rocca hakuna anayemwomba amwombee. Kwa maoni ya mwandishi huyu, wenyeji walipomchagua Kelidonia walionyesha wanaielewa vizuri historia ya mahali pao.

Pango la Benedikto lenyewe liligeuzwa kanisa kidogokidogo, hasa katika karne ya 13 na ya 14. Kwa kuwa jabali halina uwanja, wajenzi walishuka badala ya kutanuka: kanisa la juu, kanisa la chini, ngazi, vikanisa, na pango chini yake. Kuta karibu zote zimechorwa. Wachoraji wa shule ya Siena walichora maisha ya Kristo katika kanisa la juu. Mchoraji aliyesaini kwa jina la Conxolus alisimulia maisha ya Benedikto katika lile la chini, pamoja na ile kamba yenye kengele. Papa Inosenti III, aliyefika mwaka 1202, amechorwa ukutani ameshika hati ya misaada aliyoipa nyumba hiyo.

Picha inayofanya watu wasimame ipo katika kikanisa cha Mtakatifu Gregori. Inamwonyesha mwanamume mwembamba mwenye ndevu chache, amevaa vazi lenye kofia ya kuchongoka, na pembeni pameandikwa kwa Kilatini kuwa ni Ndugu Fransisko. Haikuandikwa Mtakatifu. Hana duara la utakatifu kichwani, wala mikono yake haina madonda ya Kristo. Fransisko wa Assisi alipata madonda hayo mwaka 1224 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1228. Ndiyo maana wataalamu wengi wanaihesabu picha hii kuwa miongoni mwa zile za mapema kabisa za mtu huyo, iliyochorwa wakati waliomfahamu kwa sura walikuwa hai. Chini, kwenye bustani, kuna waridi. Wenyeji husema ndipo Benedikto alipojitupa miibani kushinda kishawishi cha mwili, na kwamba Fransisko alipozuru karne saba baadaye aliigeuza miiba kuwa mawaridi. Kwa mtu aliyeufanya umaskini kuwa njia yake, pango hili lilikuwa na jambo la kumwambia ambalo Rocca haikuwa nalo.

Katika karne ya 14 nyumba ilikuwa imedhoofika, na mwaka 1362 abati Bartolomeo wa Siena akaletwa airekebishe. Wamonaki wazembe wakaondolewa, wageni wakaja kutoka kaskazini ya Alpi, wengi wao Wajerumani. Baada ya muda mfupi Subiaco ikawa mahali penye sifa ya kuishika Kanuni kwa bidii, hata Waustria walipotaka kuitengeneza abasia yao ya Melk mwaka 1418 walimchukua Nikolaus Seyringer, aliyekuwa ameishi Subiaco, wakamfanya abati. Nyumba ya milimani katika Italia, yenye wamonaki wanaozungumza Kijerumani: ukitaka kuelewa kilichotokea miaka hamsini baadaye, anzia hapo.

Mwaka 1456 Papa Kalisti III aliwaondolea wamonaki haki ya kumchagua abati wao. Cheo kikakabidhiwa kwa kadinali, ambaye angepokea mapato ya abasia na kuzitawala ardhi zake bila kulazimika kuishi monasterini wala kuwa mmonaki. Mfumo huu ulienea Ulaya nzima na uliziumiza nyumba nyingi. Kadinali wa kwanza aliyekabidhiwa Subiaco, hata hivyo, alikuwa mtu wa vitabu: Mhispania Juan de Torquemada, Mdominikani na mwanateolojia, mjomba wa yule Tomás wa mahakama za uzushi.

Chini yake wakafika Konrad Sweynheym na Arnold Pannartz, wakleri wawili kutoka Ujerumani. Walikuwa wamebeba ufundi ambao Italia haikuwa nao: kupanga herufi za metali mojamoja, kuzipaka wino na kukandamiza karatasi juu yake. Biblia ya Gutenberg ilikuwa na umri wa miaka kumi hivi tu. Haishangazi kwamba waliteremkia katika nyumba ya watu wa lugha yao, penye ukarimu wa Kibenediktini na maktaba ya kunakili. Mashine ya kwanza ya kuchapa katika Italia, kwa hiyo, haikufungwa Roma, wala Venezia, wala Firenze ya akina Medici, bali katika monasteri ya mlimani.

Kitabu cha kwanza walichokichapa kilikuwa sarufi ya Kilatini ya Donatus, ya watoto wa shule, nakala 300. Hakuna hata moja iliyosalia. Watoto waliitumia mpaka ikaisha. Kikafuata kitabu cha Cicero kuhusu msemaji. Tarehe 29 Oktoba 1465 walimaliza Mafundisho ya Kimungu ya Lactantius, na hicho ndicho kitabu cha zamani kuliko vyote vilivyochapwa Italia chenye tarehe ndani yake. Mwisho, tarehe 12 Juni 1467, wakamaliza Mji wa Mungu wa Augustino. Kila kimoja kati ya hivi vitatu kilitoka nakala 275.

Msomaji wa Afrika ana sababu ya kuitazama orodha hiyo mara mbili. Augustino alizaliwa Thagaste na kuwa askofu wa Hippo, miji iliyo leo katika Algeria. Lactantius alikuwa mwanafunzi wa Arnobius, mwalimu wa Sicca, katika Tunisia ya sasa. Wajerumani wawili, waliokuwa ugenini katika milima ya Lazio, walipoamua ni nini kinastahili kupewa uhai wa karatasi nyingi, waliwashika waandishi wawili waliotokana na shule za Afrika ya Kaskazini.

Ukikikagua kile cha Lactantius unawaona mafundi wakijifunza kazini. Mwandishi huyo ananukuu Kigiriki mara kwa mara, nao walipoanza hawakuwa na herufi za Kigiriki, basi wakaacha nafasi tupu ili maneno yajazwe kwa mkono. Wakiwa katikati ya kitabu wakazichonga na kuziyeyusha za kwao, na kurasa zinazofuata zimechapwa Kigiriki. Herufi zao za Kilatini nazo zina sura yake: si zile nzito zenye pembe za Ujerumani, na hazijafika bado kwenye zile za mviringo zilizoigwa kutoka kwa waandishi wa Italia. Zilipendwa kiasi kwamba mwaka 1902 kiwanda kidogo cha vitabu cha Ashendene, Uingereza, kilichonga herufi mpya kwa kuziiga, kikaziita Subiaco.

Mwaka 1467 wachapaji walihamia Roma, wakafungua kazi katika nyumba ya akina Massimo. Soko lilikuwa huko, lakini halikuwa kubwa kama walivyotumaini. Mwaka 1472 maombi yao yalifikishwa kwa Papa Sixtus IV: nyumba imejaa karatasi zilizochapwa zisizo na wanunuzi, na wao hawana chakula. Waraka huo wa shida ndio uliotuachia idadi za nakala zao. Ni jambo la kusikitisha kwamba watu waliofungulia Italia mlango huo walikaribia kulala njaa, na ni haki majina yao yatajwe kila Subiaco inapotajwa.

Torquemada alikufa mwaka 1468. Mwaka 1471 cheo kikaenda kwa Rodrigo Borgia, ambaye baadaye akawa Papa Aleksanda VI. Yeye aliitengeneza Rocca iwe ngome na makazi, na fahali wa nembo ya ukoo wake angali anaonekana huko. Inaaminika kwamba binti yake Lucrezia alizaliwa ndani yake, tarehe 18 Aprili 1480. Rodrigo alipopanda kiti cha Petro mwaka 1492, Subiaco ikaangukia mikononi mwa akina Colonna, ukoo uliokuwa na ngome nyingi kuzunguka Roma na ugomvi na mapapa kadhaa. Wakaishika kuanzia mwaka huo hadi mwanzoni mwa karne ya 17, kadinali mmoja akimpokea mwingine, mjomba akimrithisha mpwa. Baadaye katika karne hiyohiyo wakafuata akina Barberini, ukoo wa Papa Urban VIII. Kwa wamonaki miaka hiyo ilikuwa ya kuvumilia. Mwaka 1514 walijiunga na muungano wa monasteri za Cassino, na angalau ndani ya kuta zao wakapata pa kuegemea. Kwa watu wa mji ilikuwa kodi, amri na magereza ya bwana asiyeonekana; walinung'unika, na mara nyingine waliasi. Mwaka 1753 Papa Benedikto XIV akawaondolea makadinali hao utawala wa kidunia juu ya Subiaco, akawaachia ule wa kiroho.

Kati ya mabwana wote hao mmoja aliupenda mji kwa vitendo. Giovanni Angelo Braschi alikabidhiwa Subiaco mwaka 1773. Alipochaguliwa kuwa Papa Pius VI mwaka 1775 hakuiachia. Alijenga kanisa kubwa la Mtakatifu Andrea, akaigeuza Rocca kuwa kasri la kukaa watu, na mwaka 1789 akaja mwenyewe kulitabaruku kanisa. Wenyeji wakamjengea tao la ushindi kwenye lango la mji, ambalo gari linaloingia kutoka Roma lingali linapita karibu nalo. Ulikuwa mwaka uleule Wafaransa walipoivunja Bastille. Miaka kumi baadaye Pius VI alikufa mfungwa wa Wafaransa, Valence.

Miaka hiyohiyo ya 1770 monasteri ya Skolastika ilipata kanisa jipya, jeupe na tulivu, ndani ya kuta za kale. Mchoraji wa ramani yake alikuwa kijana wa Bergamo, Giacomo Quarenghi. Muda mfupi baadaye aliitwa Urusi na malkia Katerina, akamaliza maisha yake akijenga makasri ya St Petersburg. Ili kulifikia kanisa lake unapita nyua tatu, kila moja na zama zake: ya kwanza ya Renaisansi, ya pili ya Kigothi, ya tatu ya karne ya 13 yenye nguzo nyembamba zilizochongwa na mafundi wa ukoo wa Cosmati. Mgeni mwenye haraka akipewa nusu saa tu Subiaco, apelekwe katika ua huo wa tatu.

Karne ya 19 iliwapa wamonaki nafasi ya kuamua mambo yao. Pietro Casaretto, aliyekuja kuwa abati katikati ya karne, alitaka maisha yarudi kwenye ukali wa mwanzo na pia wamonaki watoke kwenda misheni. Mwaka 1872 Papa Pius IX aliutambua muungano wake wa monasteri kuwa shirika linalojitegemea. Mwaka uliofuata serikali mpya ya Italia ilizichukua monasteri za eneo la Roma. Za Subiaco zikawa mali ya taifa, na wamonaki wakabaki kama walinzi wa kile kilichokuwa chao. Shirika la Subiaco lenyewe lilienea mabara kadhaa, na mwaka 2013 likaungana na lile la Cassino.

Wabenediktini waliofika pwani yetu hawakutoka katika shirika hilo. Walikuwa wa Mtakatifu Ottilien, Bavaria, walioanza Pugu mwaka 1888 na kushambuliwa huko mwaka uliofuata wakati wa vita vya Abushiri. Wakajenga Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Lakini Kanuni wanayoisoma ni ileile, na pango wanaloliheshimu ni lile. Nao pia walifunga mashine za kuchapa: vitabu vya sala, vya shule na vya dini kwa Kiswahili, vyenye jina la Benedictine Publications Ndanda-Peramiho, vimefika katika nyumba nyingi kutoka Songea hadi Mtwara ambazo hazijawahi kusikia habari za Sweynheym.

Mwaka 1944 vita viliifikia Subiaco. Mabomu ya ndege za Washirika yalibomoa sehemu kubwa ya mji na kanisa la Mtakatifu Andrea, na kuijeruhi monasteri ya Skolastika. Mji ukajengwa upya. Mmoja wa watoto wake waliokua katika miaka hiyo migumu, Gina Lollobrigida, aliyezaliwa hapo mwaka 1927, akaja kuwa nyota wa sinema duniani.

Ugomvi na Tivoli nao ukapata mwisho wake, na haukuwa wa vita. Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo II alipunguza eneo la abasia likabaki kuta za monasteri zenyewe. Parokia zake zikagawiwa majimbo ya jirani, na mji wa Subiaco ukawekwa chini ya askofu wa Tivoli. Abati wa leo hana kijiji, hana mahakama, hana ngome. Ana ndugu zake, waliomchagua wenyewe kama sura ya 64 inavyotaka.

Miaka mitatu baadaye, jioni ya tarehe 1 Aprili 2005, Kadinali Joseph Ratzinger alikuwa katika monasteri ya Skolastika kupokea tuzo ya Mtakatifu Benedikto. Alitoa hotuba ndefu juu ya Ulaya na mgogoro wa tamaduni zake, akasema dunia inahitaji watu wa namna ya Benedikto. Kesho yake Yohane Paulo II akafariki. Tarehe 19 Aprili Ratzinger akachaguliwa Papa, na jina alilolichukua lilikuwa Benedikto.

Kwa mwaka 2025, miaka 560 tangu kitabu cha Lactantius kimalizike, Italia iliipa Subiaco heshima ya kuwa mji mkuu wa kitabu wa nchi nzima. Heshima hiyo huenda kwa mji mmoja kila mwaka, nayo huambatana na usomaji, maonyesho na kazi za maktaba. Maktaba ya monasteri ya Skolastika, ambayo sasa ni ya taifa lakini iko chini ya uangalizi wa wamonaki, inahifadhi hati za kale za abasia pamoja na vitabu vilivyotoka katika mashine ile ya mwaka 1465.